Ufadhili wa masomo ya kondoo na sufu: nani anatoa, na andiko liandikweje?

Malisho_Mapya

Habari zenu wakuu,

Naomba mwongozo kuhusu ufadhili kwa anayetaka kubobea kwenye kondoo, hasa uzalishaji wa sufu. Shahada ya kwanza ni ya sayansi ya wanyama, na sasa natafuta nafasi ya uzamili. Kila tangazo ninalokutana nalo ni la ng'ombe wa maziwa, kuku au samaki. Kondoo wakitajwa, wametajwa pamoja na mbuzi kwenye mstari mmoja, na sufu haimo kabisa.

Ni mashirika gani hasa yanatoa pesa kwa ajili ya kondoo na sufu, na kwa ngazi ipi ya masomo? Mtu asiye raia wa Australia, New Zealand au Marekani ana nafasi, au mifuko hiyo ni ya wenyewe? Na kwenye andiko la utafiti, wasomaji wa maombi wanaangalia nini hasa mpaka walikatae au walipitishe? Sihitaji orodha ya tovuti mia, nahitaji kuelewa pesa hizi zinavyotembea.

Natanguliza shukrani.

---

Mpanga_Madaraja

Karibu mkuu. Pesa ya kondoo ipo, ila iko kwenye mifuko mitatu yenye tabia tofauti, na maombi mengi huanguka kwa sababu yamepelekwa kwenye mfuko usio wake.

Mfuko wa kwanza ni wa serikali na vyuo. Huu unalipa ada, nauli, bima na posho ya kujikimu, na haujali kama unasoma kondoo au uhasibu. Humo wamo Australia Awards, Manaaki New Zealand Scholarships, Commonwealth Scholarships za Uingereza, na DAAD ya Ujerumani. Kwa asiye raia, mlango mkubwa ndio huu. Orodha ya nchi zinazoruhusiwa na fani zinazopewa kipaumbele hubadilika, kwa hiyo usitegemee tangazo la mwaka jana. Masharti yasome mapema: Australia Awards na Manaaki wanataka uondoke ukimaliza masomo na urudi kwenu kwa angalau miaka 2. Kozi za uzamili za DAAD zinazolenga nchi zinazoendelea kwa kawaida zinadai uzoefu wa kazi wa miaka 2, na shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Aliyetoka chuoni mwaka huu akaomba huko anajichosha, na anawachosha wanaomwandikia barua.

Ombi la mfuko huu haliandikwi kwa lugha ya mikroni, yaani kipimo cha unene wa unyuzi. Anayelisoma mara nyingi ni ofisa wa maendeleo ambaye hajawahi kushika fungu la sufu. Anataka kujua mafunzo yako yatabadilisha nini ukirudi: kipato cha wafugaji, matumizi ya nchi kavu isiyofaa kilimo, huduma za ugani, kiwanda kinachokosa malighafi. Ufundi wa sufu upewe aya moja tu.

Mfuko wa pili ni pesa ya msimamizi. Huu hautangazwi sana, na ndio unaosomesha watu wengi. Marekani, kwa mfano, mwanafunzi wa uzamili wa kondoo kwa kawaida analipwa kama msaidizi wa utafiti: profesa ameshinda mradi, anampa posho, ada inapunguzwa au kufutwa, naye anafanya kazi kama saa 20 kwa wiki. Hutaona tangazo la "ufadhili wa kondoo" hapo. Utamkuta mtu mmoja mwenye kundi, maabara na nafasi moja, kwa hiyo lazima ujue kondoo wako wapi. Texas A&M ina maabara ya sufu na mohea (manyoya ya mbuzi wa Angora) ya Bill Sims huko San Angelo. Montana State ina maabara yake ya sufu. University of Wyoming na North Dakota State wana watu wa kondoo, na wizara ya kilimo ya Marekani ina kituo cha majaribio ya kondoo Dubois, Idaho. Upande wa kusini, University of New England ya Armidale imebeba elimu ya sufu ya Australia kwa muda mrefu, New Zealand kuna Lincoln na Massey, Afrika Kusini kuna Stellenbosch na taasisi ya Grootfontein huko Middelburg. Kwa vyuo vya Afrika vilivyo kwenye mtandao wa RUFORUM, ruzuku za utafiti hupewa mhadhiri, naye ndiye anayewachukua wanafunzi wa uzamili. Unayemtafuta hapo ni mhadhiri aliyeshinda.

Mfuko wa tatu ni wa sekta yenyewe, na humu ndimo neno sufu lina uzito. Australian Wool Education Trust inafadhili wanafunzi walio kwenye vyuo vya Australia, kuanzia miradi ya shahada ya kwanza hadi utafiti wa ngazi za juu. Masomo ya sufu iliyoyagharimia yanapatikana wazi kwenye tovuti ya Woolwise. Yasome hata kama hutaomba, maana ndiyo lugha wanayoongea wasomaji wako. American Sheep Industry Association ina Sheep Heritage Foundation Memorial Scholarship, dola 3,000 kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayesoma Marekani na kutafiti kondoo au sufu. SARE, programu ya kilimo endelevu iliyo chini ya wizara ya kilimo ya Marekani, hutoa ruzuku za utafiti kwa wanafunzi wa ngazi hizo pia, na inataka kuona wafugaji halisi ndani ya mradi. Vyama vya wafugaji wa aina moja ya kondoo, na vile vya majimbo, navyo vina visenti, ila mara nyingi ni kwa wanachama na watoto wao.

Sasa tazama kiasi. Dola 3,000 haimsomeshi mtu uzamili. Pesa ya sekta ni nyongeza: inalipa vipimo vya maabara, chakula cha kondoo wa jaribio, safari za kwenda kwenye kundi. Mpangilio unaofanya kazi ni mfuko wa kwanza au wa pili kwa ajili ya maisha na ada, na wa tatu kwa ajili ya kondoo. Australia mwanafunzi wa utafiti anaweza kupata, kupitia chuo chake, ufadhili wa serikali uitwao Research Training Program, ambao hata wageni wanaruhusiwa kuuomba. Shirika la sekta huja kuongeza juu yake.

Utaambiwa pia uombe Nuffield. Hiyo ni ya wakulima na watu wa sekta wanaosafiri kujifunza na kuandika ripoti, haimlipii mtu shahada. Samuel Wharry Memorial Award ya National Sheep Association ya Uingereza ni vilevile: ni ya safari ya mafunzo, kwa vijana wa sekta ya huko.

Na tahadhari fupi: chuo kinaweza kudai ada halali ya kuomba nafasi. Mfadhili anayedai ulipie "kuachilia" pesa zako ni tapeli.

---

Malisho_Mapya

Shukrani sana mkuu, mifuko hiyo mitatu imenifungua macho. Niliyataka yote kwa ombi moja!

Wazo nililonalo ni hili: kuwapa kondoo jike wenye mimba protini ya ziada, kisha kupima sufu ya watoto wao. Kuna ruzuku ya sekta ya miezi 12 ninayoilenga. Linafaa? Nimepanga makundi mawili ya kondoo 10 kila moja.

---

Siku_150

Ndugu Malisho, kisayansi wazo ni zuri. Kalenda ndiyo italiangusha, na msomaji mwenye uzoefu ataligundua kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.

Hesabu na mimi. Mimba ya kondoo ni takriban siku 150, yaani miezi 5. Vifuko vya ngozi vinavyootesha zile nyuzi nyembamba, ambazo kwa Merino, kondoo wa sufu laini, ndizo karibu sufu yote, huanza kuundwa kuanzia kama siku ya 85 hadi 90 ya mimba na huendelea kukomaa hata baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana lishe ya mama mwishoni mwa mimba huacha alama kwenye sufu ya mtoto maisha yake yote. Hapo uko sahihi. Lakini sufu ya kwanza ya maana kupima utaikata mtoto akiwa na miezi 10 hadi 12. Kutoka kupandisha hadi kukata ni miezi 15 hadi 17. Ongeza miezi 2 au 3 ya kibali cha maadili ya utafiti wa wanyama (hakuna jarida wala chuo makini kitakachogusa data iliyokusanywa kabla ya kibali), miezi 2 ya maabara, miezi 4 ya kuchakata na kuandika. Umefika miezi 23 hadi 26, na ruzuku yako ni ya 12.

Kuna njia tatu za kuliokoa swali hilohilo.

Ya kwanza, ingia kwenye kundi ambalo tayari limepandishwa na lina kumbukumbu: tarehe ya kupandisha, uzito wa mama, alama ya hali ya mwili, idadi ya watoto. Unaanza mimba ikiwa na siku 80 na unaokoa karibu miezi 3. Vituo vya utafiti vina makundi kama hayo kila mwaka. Kwa ruzuku fupi bado haitoshi yenyewe, ila ukiichanganya na ya pili inawezekana.

Ya pili, badilisha kitu unachopima. Badala ya kungoja sufu ya mwaka mzima, daktari wa mifugo achukue kipande kidogo cha ngozi ya mwanakondoo chini ya ganzi, wewe uhesabu uwiano wa vifuko vya pili (ndivyo vile vya nyuzi nyembamba) kwa vya kwanza kwenye darubini. Kwa Merino uwiano huo hufika kama 20 kwa 1, kwa aina nyingine nyingi ni wa chini sana. Unapata jibu mtoto akiwa na miezi michache. Fundi wa kukata na kupaka rangi vipande vya ngozi lazima awepo kwenye bajeti, maana hii kazi haifanywi na mtu aliyejifunza jana.

Ya tatu, achana na watoto kabisa. Pima ukuaji wa sufu kwa kondoo wakubwa kwa njia ya kiraka: nyoa eneo la sentimita 10 kwa 10 ubavuni, kwenye ubavu wa tatu kutoka mwisho, katikati ya mgongo na tumbo. Baada ya siku 28 nyoa tena palepale, safisha, kausha, pima uzito. Unapata gramu kwa sentimita ya mraba kwa siku. Pima urefu na upana wa kiraka kila mara kwa sababu ngozi hutanuka kondoo anaponenepa. Asiyefanya hivyo huishia kupima unene wa kondoo akidhani anapima sufu.

Ukifuata ya tatu, jua kuwa sufu huchelewa kujibu chakula. Kilichobadilika leo mdomoni hakionekani chote kwenye unyuzi mpaka wiki kadhaa zipite, na unyuzi wenyewe unahitaji kama wiki moja kutokeza juu ya ngozi. Kwa hiyo tenga wiki 6 hadi 8 za kuzoea chakula kabla ya kiraka cha kwanza cha kuhesabika, kisha vipindi viwili au vitatu vya siku 28. Jaribio la lishe la wiki 6 kwa jumla, ambalo kwa kuku lingetosha, kwa sufu linakataliwa bila mjadala. Ni kosa la kawaida kwa waliotoka kwenye mafunzo ya kuku.

Kuhusu kondoo 10 kwa kila kundi: hawatoshi, na unaweza kuonyesha hivyo kwa hesabu ya mstari mmoja. Idadi kwa kila kundi ni takriban 16 mara mraba wa mgawanyo: tofauti ya kawaida kati ya kondoo na kondoo, gawanya kwa tofauti unayotaka kuigundua. Chukua kipenyo cha unyuzi kinachotofautiana kwa mikroni 1.5 ndani ya kundi, na wewe unataka kugundua tofauti ya mikroni 1. Ni 16 × 2.25, yaani kondoo 36 kwa kila kundi. Kwa 10 ungeweza kuona tofauti ya karibu mikroni 2 tu, na protini ya ziada haiahidi kitu kikubwa hivyo. Hesabu hii iweke ndani ya andiko, pamoja na chanzo cha hiyo 1.5: kumbukumbu za kundi lenyewe, si namba ya kukisia. Kisha ongeza asilimia 10 kwa wanaokufa, wanaopata ugonjwa wa kwato, au wanaopoteza hereni.

Jambo la mwisho upande huu. Kama kondoo ulio nao ni wa nywele, mfano Dorper, usipeleke ombi kwenye mfuko wa sufu ukitumaini hawataona. Wataona. Geuza swali liwe la nyama, ngozi au ukinzani dhidi ya minyoo, kisha utafute mfuko wa nyama.

---

Kilo_na_Mikroni

Nidakie hapo kwenye bajeti, kwa sababu ndipo maombi mazuri yanapofia.

Chukua kondoo 40 wa kilo 50 wanaolishwa bandani kwa siku 120. Kondoo wa uzito huo hula takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, chakula kikiwa kimeondolewa maji: kilo 1.5. Kwa wote ni kilo 7,200. Nyasi kavu zina kama asilimia 12 ya maji, kwa hiyo unahitaji karibu kilo 8,200, na ukiongeza asilimia 10 ya kinachomwagwa na kukanyagwa ni tani 9. Wanafunzi huandika "chakula" na kiasi cha kufikirika kando yake. Msomaji anayefuga atapiga hesabu hii kwa kalamu pembeni ya karatasi, na namba zikipishana mara mbili hatasoma zaidi. Nunua chakula chote kwa mkupuo mmoja kama ghala lipo. Kikibadilika katikati ya jaribio, protini nayo itabadilika, na hutajua kama umepima lishe unayoijaribu au umepima muuza nyasi.

Maabara nayo ihesabiwe kwa sampuli. Kondoo 80, sampuli 3 kila mmoja, ni 240. Asilimia 5 za kurudia, jumla 252. Taja kipimo kwa jina lake la kimataifa: kipenyo kwa mashine ya Laserscan ni IWTO-12, kwa mashine ya OFDA ni IWTO-47, urefu na nguvu ya fungu (nyuzi zilizoshikana pamoja kama kishungi) ni IWTO-30. Ukiandika "vipimo vya ubora wa sufu" bila zaidi ya hapo, unaonyesha kwamba bado hujaongea na maabara. Waombe makadirio ya bei kwa maandishi, yenye tarehe, uyaambatishe.

Sampuli ya ubavuni ya gramu 50 inatosha kipenyo na mavuno safi. Kwa nguvu ya fungu, usiikate kwa mkasi vipandevipande: mafungu yawe mazima kutoka ngozini hadi ncha, vinginevyo hakuna cha kuvuta kwenye mashine. Matokeo yanatolewa kwa niutoni kwa kiloteksi, na chini ya 30 huhesabiwa sufu dhaifu. Pima uzito wa sufu yote ya kondoo, sampuli ikiwemo, kabla ya kuigawa. Na kila mahali kwenye andiko sema kama ni uzito wa sufu chafu au safi. Mavuno baada ya kuosha yanaweza kuwa asilimia 50 kwa mmoja na 70 kwa mwingine, kwa hiyo kilo 4 chafu za huyu na kilo 4 chafu za yule si kitu kimoja. Mwombaji anayechanganya haya mawili kwenye malengo yake amejikosesha pesa kwa uzembe.

Kama maabara iko nchi nyingine, sufu mbichi inahesabiwa kuwa zao la mnyama linaloweza kubeba kimeta na ugonjwa wa miguu na midomo. Unahitaji kibali cha kuingiza kutoka nchi inakokwenda na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali kule inakotoka, vyote kabla ya kifurushi kuondoka. Bila hivyo inachomwa moto mpakani, na sampuli ya kondoo aliyekwisha kunyolewa hairudi. Masharti ya sufu iliyooshwa ni mepesi zaidi, lakini ukiiosha mwenyewe umepoteza kipimo cha mavuno, isipokuwa uwe umeifanya kazi hiyo kwa utaratibu na kupima uzito kabla na baada. Kibali kichukulie kuwa kazi ya miezi, na gharama yake iwe na mstari wake kwenye bajeti.

Mistari ambayo huwa inasahaulika: hereni, dawa ya minyoo, mnyoaji (mwenye ujuzi, kwa sababu anayerudia kunyoa palepale anakuachia vipande vifupi vinavyoharibu kipimo cha urefu), mizani inayosoma hadi gramu 50 kwa sufu, na mtu wa kulisha siku za sikukuu. Uliza chuo chako kinakata asilimia ngapi kama gharama za uendeshaji na kama mfadhili anaruhusu. Wafadhili wadogo wengi hawaruhusu, na ugomvi huo umalizwe kabla ya saini.

---

Mpanga_Madaraja

Nakubaliana na wakuu wote wawili, ila nitofautiane kidogo na Siku_150. Njia ya kwanza ameipita haraka mno. Kwa mwanafunzi wa uzamili asiye na kundi lake, kundi lenye kumbukumbu ndiyo silaha kubwa kuliko zote, hata bila jaribio jipya. Kituo kina miaka 10 ya uzito wa sufu, kipenyo, ukoo na mvua, na hakuna aliyekaa kuichambua. Andiko la kuchambua data hiyo halihitaji tani 9 za nyasi, halingoji mimba, linamalizika ndani ya miezi 12, na gharama yake ni posho, kompyuta na safari mbili za kuhakiki madaftari. Sekta hupenda sana andiko la namna hii kwa sababu pesa yao ndogo inazaa jibu kubwa. Anayependa urithi wa sifa za kondoo aulize pia kama shahada ya uzamili ya pamoja ya Ulaya iitwayo EMABG, ya uzalishaji wa koo za wanyama na jenetiki, bado inapokea wanafunzi.

Kitu kingine: ukipata mifuko miwili, itangaze yote kwa wote. Kuchanganya kunaruhusiwa mara nyingi, kulipwa mara mbili kwa kitu kilekile hakuruhusiwi popote. Chora jedwali moja: huyu analipa posho, yule analipa maabara, chuo kinatoa banda na mizani. Jedwali hilo humtuliza kila mfadhili, kwa sababu anaona pesa yake inakwenda wapi na wengine wameweka nini.

---

Malisho_Mapya

Nimeelewa, nahamia kwenye data ya kundi lililopo. Mnisaidie la mwisho: barua ya kwanza kwa msimamizi iweje, na barua za mapendekezo nimwombe nani? Nina mhadhiri mmoja anayenijua vizuri na mkuu wa idara asiyenijua.

---

Barua_Fupi

Mwache mkuu wa idara. Barua yenye cheo kikubwa isiyosema kitu husomwa kwa sekunde kumi. Wa kwanza ni huyo mhadhiri anayekujua. Wa pili awe mtu aliyekuona ukifanya kazi na wanyama: meneja wa shamba la mafunzo, daktari wa mifugo wa wilaya, msimamizi wa mafunzo ya vitendo. Wape wiki 4, wape tangazo lenyewe, wape ukurasa mmoja wa mambo wanayoweza kuyathibitisha: ulishika kumbukumbu za kondoo wangapi, unajua takwimu kwa programu ipi, ulizalisha kondoo usiku au la. Mpendekezaji hawezi kubuni maelezo, akikosa ataandika "ni mchapakazi na mwaminifu", na barua za namna hiyo ziko mia mezani.

Mbali na hizo mbili, ambatisha barua ya mwenye kundi. Iseme kuna kondoo wangapi, wa aina gani, kumbukumbu za miaka gani, zipo kwenye daftari au kompyuta, na kwamba unaruhusiwa kuzitumia na kuchapisha matokeo. Kuruhusiwa kuchapisha ndiko kunakosahaulika, na mwenye data anaweza kukuzuia mwishoni kabisa.

Barua ya kwanza kwa msimamizi isizidi maneno 200. Kichwa kitaje kondoo na ngazi ya masomo. Aya ya kwanza: swali lako kwa sentensi mbili, na linavyogusana na kazi yake moja uliyoisoma kweli, itaje ni ipi. Ya pili: una ujuzi gani wa mikono na wa takwimu. Ya tatu: unaomba ufadhili upi, unafungwa tarehe gani, na unachohitaji kwake ni nini, mfano barua ya kukukubali. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo ya chuo. Usianze na "Mheshimiwa Profesa, ninavutiwa na utafiti wako wa kipekee" kisha ukatuma hiyohiyo kwa watu 40, maana hawa wa kondoo ni wachache na wanafahamiana. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku 10, kisha uendelee na mwingine.

Anza mapema. Vyuo vya Australia na New Zealand hufungua mwaka wa masomo Februari au Machi, vile vya kaskazini Agosti hadi Oktoba. Rudi nyuma miezi 12 hadi 15 kutoka hapo, ndipo uandike barua ya kwanza.

---

Siku_150

Mpanga_Madaraja yuko sahihi kuhusu data ya zamani, naondoa pingamizi. Ila Malisho, kabla hujaahidi miaka 10 ya data, omba uone kurasa zenyewe. Angalia mambo manne. Namba za hereni zinajirudia baada ya miaka mingapi? Kama namba 214 ya mwaka mmoja ni kondoo mwingine mwaka wa tano, ukoo wote unavurugika. Tarehe ya kunyoa ilikuwa ileile kila mwaka? Sufu ya miezi 10 na ya miezi 13 hazilinganishwi bila kusahihishwa kwa siku za ukuaji. Kipenyo kilipimwa kwa mashine ileile? Mashine ikibadilika katikati, mwaka na mashine vinachanganyika na huwezi kuvitenganisha tena. Na walioondolewa kundini waliondolewa kwa sababu gani? Kama kila mwaka waliuzwa wenye sufu nzito ya nyuzi nene, waliobaki hawawakilishi kundi, na hilo lisemwe kwenye andiko kabla msomaji hajalisema.

Chukua miaka miwili ya data hiyo sasa hivi, ichambue kwa wiki moja, weka jedwali dogo la matokeo ya awali kwenye ombi.

Na malipo: wafadhili wengi hutoa kwa awamu, na awamu ya mwisho huja baada ya ripoti kukubaliwa. Kwa ruzuku ya miezi 12 panga hivi: safari za kuhakiki madaftari ziwe kwenye awamu ya kwanza, na kitu kinachoweza kusubiri, kama gharama za kuchapisha, kiwe kwenye ya mwisho. Tarehe za ripoti ziandike sambamba na kalenda ya kundi, kwa sababu wiki za kuzalisha na za kunyoa hakuna meneja wa shamba atakayekufungulia kabati la madaftari.